Mashine ya polishi ya gari: rotari au DA, na sahani ya pedi ya ukubwa gani?

Wengi hununua mashine kwanza. Wakifika nyumbani ndipo wanaanza kutafuta pedi, yaani ile sponji au manyoya yanayosugua rangi, na mwisho kabisa wanagundua kwamba ile sahani ya velkro inayobeba pedi haiingiliani na chochote walichonacho. Ni heri uende kinyume: tazama kwanza bodi la gari utakalolishughulikia, uchague pedi inayolienea, halafu sahani ya pedi hiyo, halafu mashine iliyotengenezwa kwa sahani hiyo. Ukipita njia hii, nusu ya mashine zilizopangwa dukani zinajiengua zenyewe.

Tuanze na rangi, kwa sababu ndiyo inayoumia. Rangi ya kiwandani kwenye gari la kawaida, kuanzia bati hadi juu, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani inakaribiana na karatasi moja ya printa. Klia, ile tabaka angavu ya juu ambayo ndiyo unayoipiga polishi, ni kama mikroni 40 hadi 50 tu. Mikwaruzo myembamba ya mviringo inayojitokeza jua likipiga boneti jeusi imo ndani ya klia hiyo, na kuiondoa maana yake ni kuipunguza klia mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Ndiyo maana anayeuliza "mashine ipi ina nguvu zaidi" namrudishia swali: mkono wako unaweza kusimamia ulaji wa kasi gani? Na kama klia imeshaanza kubanduka na kuacha mabaka meupe kwenye paa, funga pochi. Hapo hakuna mashine ya polishi itakayosaidia, ni kazi ya fundi rangi.

Rotari

Rotari inazungusha pedi kwenye mhimili mmoja, basi. Hata ukiikandamiza haisimami, na ndio uzuri wake na ndio hatari yake. Makita 9237C ni mfano mzuri: wati 1,200, mizunguko 600 hadi 3,200 kwa dakika, mhimili wenye thredi ya M14 (kipenyo cha milimita 14). Kwa fundi aliyetoka kupiga msasa wa maji namba 2000 juu ya klia mpya, hakuna kinachofuta alama za msasa haraka kama rotari yenye pedi ya manyoya na kompaundi ya kukata, ile dawa kali inayokula klia haraka.

Tatizo liko kwenye joto na kwenye kingo. Pedi ya rotari inakaa inasugua njia ile ile, kwa hiyo ukisita sehemu moja, rangi inapata moto. Kwenye mkunjo wa boneti, ukingo wa mlango au pembe ya bampa la plastiki, klia huwa nyembamba kuliko katikati ya paneli, na plastiki haisambazi joto kama bati. Hapo ndipo unapoona mtu ametoboa hadi praima ndani ya pumzi mbili. Halafu kuna yale mawimbi yanayoachwa na rotari: kivulini gari linameta, ukilitoa juani unaona michirizi ikikufuata kila unapohamisha jicho. Kuyaondoa kunahitaji mkono mwepesi, pedi laini na polishi ya kumalizia, au mashine ya aina nyingine.

Kuna jambo la grinda lazima lisemwe. Grinda nyingi za kukatia chuma nazo zina mhimili wa M14, kwa hiyo sahani ya pedi ya rotari inaingia bila ubishi. Thredi inakubali, kasi haikubali. Grinda ya milimita 125 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa pedi ya ukubwa huo unakwenda mita 72 hivi kwa sekunde. Rotari yenye pedi ya milimita 180 kwenye mizunguko 1,500 inakwenda mita 14. Ni tofauti ya mara tano, na sahani nyingi za pedi zimeandikwa mgongoni kasi ya juu inayoruhusiwa, ambayo haikaribii hata nusu ya kasi ya grinda. Velkro ikiachia kwenye kasi hiyo, usiwe umesimama mbele yake.

DA, yaani inayozunguka huku inayumba

Mashine ya DA (kifupi cha "dual action") ina mienendo miwili kwa pamoja. Mota inazungusha kipande kilichowekwa pembeni ya mhimili, kwa hiyo sahani inayumba kwenye duara dogo. Wakati huohuo sahani iko huru kwenye bearing yake, nayo inazunguka polepole kwa kufuata. Kwa kuwa pedi hairudii njia ile ile, joto linatawanyika na mawimbi ya rotari hayatokei kirahisi. Mtu asiyewahi kushika mashine anaweza kuanza nayo Jumamosi asubuhi na asiharibu kitu cha maana.

Kipimo cha kutazama ni upana wa myumbo. Porter-Cable 7424XP ina myumbo wa milimita 8, Griot's Garage G9 ni milimita 9, Rupes LHR 15 ni milimita 15, Rupes LHR 21 ni milimita 21. Myumbo mkubwa unafunika eneo zaidi na kukata haraka zaidi kwa kila mzunguko. Lakini una bei yake: kadiri myumbo unavyokuwa mpana, ndivyo mashine inavyodai paneli iliyonyooka. Ipeleke LHR 21 juu ya tao la tairi la Toyota IST, pale bati linapojikunja mara mbili, uone. Upande mmoja wa pedi unagusa, mwingine umeinuka, na mzunguko unakufa.

Mzunguko ukifa, DA inakuwa kitetemeshi tu. Mashine inanguruma vilevile, mkono unasikia inafanya kazi, lakini rangi haibadiliki. Dawa yake ni kalamu nene ya wino: chora mstari mmoja mfupi ubavuni mwa sahani. Ukiwa kazini, mstari ukizunguka mbele ya macho yako, pedi inakata. Ukibaki unatetemeka pale pale, ama umekandamiza mno, ama umeilaza mashine upande, ama pedi ni kubwa kuliko sehemu yenyewe. Punguza mkono kwanza. Usipoona mabadiliko, badilisha pedi. Mstari huu ni wa bure, na sioni sababu ya mtu kufanya kazi na DA bila kuuchora.

Kati ya rotari na DA kuna ukoo wa tatu, DA ya gia. Hii inayumba kama DA, lakini gia zinalazimisha sahani izunguke hata ukiikandamiza. Flex XC 3401 VRG ndiyo inayojulikana zaidi: wati 900, myumbo wa milimita 8, sahani inazunguka mara 160 hadi 480 kwa dakika. Rupes nao wana Mille LK 900E yenye myumbo wa milimita 5. Kwenye mikunjo ambako DA ya kawaida inazimika, hizi zinaendelea kukata. Wanaozipenda wanazipenda sana. Mimi naziona ni mashine za mtu ambaye tayari ana nyingine, kwa sababu zinavuta mkono kwenda upande mmoja, zinapasha joto zaidi ya DA huru, na sahani zake ni za mtengenezaji mwenyewe. Ya Flex ni ya milimita 140, ina umbo lake la kujifungia, na hutaikuta kwenye duka la vipuri la mtaani.

Sahani, ambayo watu huiacha mwisho

Kanuni yenyewe ni fupi: pedi iizidi sahani kwa robo inchi hadi nusu inchi kila upande. Sahani ikilingana na pedi, ukingo wake mgumu utagonga rangi siku utakapoinamisha mashine kidogo, na alama hiyo haitoki kwa polishi laini. Pedi ikizidi mno, kingo zake zinapigapiga hewani bila kubanwa na chochote, nguvu yote inaangukia katikati, katikati kunapata moto, na velkro inaanza kuyeyuka kutoka ndani. Ukiona pedi inachanika gundi upesi wakati kingo zake bado mpya, mara nyingi ni sahani ndogo kuliko inavyotakiwa.

| Sahani | Pedi | Mashine | Inakofaa |
|---|---|---|---|
| mm 75 | mm 90–100 | DA ndogo kama Rupes LHR 75E; rotari | nguzo za milango, bampa, vioo vya pembeni, taa |
| mm 125 | mm 140–150 | DA ya myumbo wa mm 8–15. Rotari | karibu gari zima la kawaida |
| mm 150 | mm 165–180 | DA ya mm 21. Rotari | boneti na paa pana, Hiace, Land Cruiser |
| mm 165–180 | mm 180–200 | rotari kubwa | mabasi, malori, karakana ya rangi |

Usidanganywe na tofauti ya inchi moja. Pedi ya milimita 180 ina eneo kubwa kuliko ya 150 kwa asilimia 44, na ya 150 inaizidi ya milimita 80 mara tatu na nusu. Hii ina faida kwenye paa la Hiace na ni adhabu kwenye nguzo nyembamba kati ya milango ya Probox. Pedi kubwa pia ni mzigo kwa mota. Mashine ya bei ndogo yenye pedi ya 180 itaanza kunuka kuungua kabla hujamaliza boneti, ilhali mashine hiyohiyo na pedi ya 140 ingefanya kazi yake vizuri.

Sasa swali ninaloulizwa zaidi ya yote: naweza kuibadilishia mashine yangu sahani ya ukubwa mwingine? Kwa rotari, ndiyo, bila wasiwasi mkubwa. Haiyumbi, kwa hiyo sahani ya 75, ya 125 na ya 150 zote zinakaa kwenye M14 ileile, na kuna vyuma vya kurefusha mhimili vinavyokufikisha nyuma ya mkono wa mlango au chini ya kioo cha pembeni. Kumbuka tu kwamba kipenyo ndicho kinachoamua kasi ya ukingo. Kwenye mizunguko 1,500, pedi ya 180 inasugua kwa mita 14 kwa sekunde, ya 80 kwa mita 6 na kitu. Ndiyo maana pedi ndogo inaonekana haikati kwenye namba uliyozoea, na ndiyo maana pia ukirudi kwenye pedi kubwa lazima urudishe kasi chini kabla ya kugusa rangi.

Kwa DA jibu linabadilika. Ndani ya kichwa cha mashine kuna chuma cha uzani kilichowekwa upande wa pili wa sahani ili kusawazisha myumbo. Kimepimwa kwa sahani na pedi za uzito fulani. Ukiiwekea LHR 21, iliyotengenezwa kwa sahani ya 150, sahani ya 75, uzani unabaki mkubwa bila cha kuusawazisha. Mashine inatikisa mkono hadi kiwiko, na bearing zinalia mapema. Kushuka hatua moja, mfano kutoka sahani ya 150 kwenda 125 kwenye DA ya myumbo mdogo, wengi wanafanya na mashine inavumilia, ingawa utausikia mtikisiko. Kupanda hatua moja juu kwa kuweka sahani nzito kuliko iliyokusudiwa ni vibaya zaidi, kwa sababu mzunguko unazimika na mota inalemewa. Kwa hiyo ukitaka kufika sehemu nyembamba, nunua DA ndogo ya sahani ya 75 kama mashine ya pili. Usijaribu kuibana mashine kubwa ifanye kazi za udogo.

Unene nao unahusika. Sahani yenye sponji nene kati ya plastiki na velkro inajipinda kidogo kufuata mkunjo wa fenda. Sahani nyembamba na ngumu inakata sawasawa kwenye paneli iliyonyooka na inakurudishia mkononi hisia ya kinachoendelea. Kwa gari za mviringo kama Vitz na Passo, chukua yenye sponji.

Sahani ni kitu cha kuchakaa, kama pedi. Joto la katikati linalegeza vile vindoano vidogo vya velkro, na siku moja pedi inaruka ukiwa juu ya mlango. Pitisha kiganja juu yake: ikiwa katikati kumekuwa laini na kingo bado zinakwaruza, muda wake umekwisha. Unapotoa pedi usiivute kwa pembe moja. Ingiza vidole chini yake pande mbili uibandue taratibu. Kama unafanya biashara, kaa na sahani mbili na uzibadilishe, moja ipoe wakati nyingine ikifanya kazi.

Thredi: hapa ndipo pesa zinapotea

Kwenye rotari, mhimili wa mashine ndio unaotokeza na sahani ina tundu. Mashine za Ulaya na zile zinazouzwa huku kwetu huwa M14, yaani kipenyo cha milimita 14 na hatua ya milimita 2 kati ya uzi na uzi. Mashine za Marekani huwa 5/8-11: inchi tano juu ya nane, ambayo ni kama milimita 15.9, nyuzi 11 kwa kila inchi. Sahani ya M14 haiingii kabisa kwenye mhimili wa Kimarekani, kwa hiyo utajua papo hapo. Kinyume chake ndicho kibaya: sahani ya 5/8 ukiivisha kwenye M14 inakubali kidogo, inalegalega, na mtu mwenye haraka anaikaza kwa nguvu akidhani imekaa.

Kwenye DA za mtindo wa Kimarekani, sahani ndiyo yenye skrubu inayotokeza, na kipimo chake ni 5/16-24. Mashine nyingine hutumia M8. Ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha: M8 ni milimita 8, 5/16 ni milimita 7.94. Ila nyuzi zake hazifanani, kwani M8 ina hatua ya milimita 1.25 na ile nyingine milimita 1.06 hivi. Kwa hiyo zinaanza vizuri. Mzunguko wa kwanza unaingia kwa vidole, wa pili unaingia kwa kusita, wa tatu unagoma. Hapo ndipo mtu anapochukua spana, na hapo ndipo nyuzi za ndani ya mashine zinapolika. Sahani ni ya bei ndogo. Mhimili wa DA ukilika thredi, bei ya kuurekebisha inakaribia mashine mpya ya Kichina. Sahani sahihi inaingia kwa vidole mpaka mwisho, spana ni ya kukaza tu. Ukikutana na ugumu kabla ya hapo, rudisha nyuma, usome kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Usitupe pia ile washa, pete nyembamba inayokuja kati ya sahani na mashine. Bila hiyo, kwenye baadhi ya DA mgongo wa sahani unasugua kasha la plastiki, na mtu anaanza kulaumu bearing.

Nani achukue ipi

Mwenye gari lake moja au mawili, anayetaka kuondoa mikwaruzo ya kuoshwa kwa kitambaa chenye vumbi: DA ya sahani ya 125. Kama gari ni la paneli pana kama Harrier au Prado, myumbo wa 15. Kama ni dogo la mviringo, 8 hadi 12 itakusumbua kidogo zaidi kwa muda lakini haitazimikazimika. Ningemshauri atumie pesa iliyobaki kununua pedi za kutosha, maana pedi moja kwa gari zima inajaa kompaundi na kuacha kukata.

Mwenye car wash anayetaka kuongeza huduma ya polishi: DA ya 15 na ile ndogo ya 75 pamoja. Ile ndogo italipa haraka kuliko anavyofikiri, kwa sababu ndiyo inayong'arisha taa zilizofubaa, na wateja wa taa ni wengi kuliko wa bodi zima. Mashine ya 21 aiache mpaka apate magari makubwa ya kudumu.

Fundi rangi hana njia ya kuikwepa rotari. Ila anunue na DA ya kumalizia, hata ya bei nafuu, kwa sababu gari likitoka karakana likiwa na mawimbi, mteja anayaona akifika kituo cha mafuta chenye taa kali.

Kuhusu majina: Rupes na Flex zinauzwa mara kadhaa ya bei ya DA za Kichina, na ulaini wa mashine unausikia. Kwa anayepiga polishi mara mbili kwa mwaka, siioni hoja ya kulipa tofauti hiyo. Kwa anayeishika kutwa, mtikisiko mdogo ni afya ya mikono yake.

Kabla ya kulipa

Soma kibandiko cha volti. Umeme wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Mashine ya soko la Marekani ni 120, na mashine kuukuu ya Kijapani inayouzwa kwa bei ya kutupa ni 100. Ukiichomeka ukutani bila transfoma inawaka kwa kelele nzuri sana kwa muda mfupi. Muulize muuzaji kipimo cha thredi, na asipokijua, mwambie alete sahani mnayoipanga muiingize kwa vidole hapohapo kaunta. Kisha ifunge na pedi yake, iwashe namba 1 ikiwa imegusa kipande cha boksi, uipandishe polepole hadi namba 5 au 6. Sikiliza kama mlio unapanda sawasawa, na uone kama mkono unakufa ganzi. Zima, gusa kichwa cha mashine karibu na sahani. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ni moto baada ya dakika mbili bila mzigo, iache kaunta.